Kabla Mzee Hajahama Nyumbani Kwake: Namna ya Kuyapima Makazi ya Wazee



Mara nyingi jambo hili huanza usiku. Mzee anayeishi peke yake huteleza akielekea chooni, hulala chini hadi jirani anapopita alfajiri kumjulia hali, na kabla ya siku ya tatu watoto wamekwisha kufika kutoka mjini na kikao cha ukoo kimekaa. Hutajwa nauli, hutajwa binti wa kazi aliyeondoka bila kuaga, hutajwa mkwe asiyepatana na mama mkwe. Hatimaye mmoja husema kwamba yapo makazi ya wazee, na wengine hunyamaza, kwa kuwa masikioni mwa wengi neno hilo ni sawa na kumtupa mzazi. Mwenye nyumba yumo chumbani. Anasikia yote, wala hajaulizwa neno.

Aibu hiyo ndiyo inayoharibu uamuzi. Familia yenye aibu haichunguzi: ama humpeleka mzee kwa haraka ili jambo lipite, ama humwacha pale pale penye choo cha utelezi na kuahidi kutuma fedha. Ilhali makazi ya wazee huweza kupimwa kwa macho, kwa maswali na kwa subira, kama mzazi anavyoipima shule ya bweni kabla ya kumpeleka mtoto.

Kwanza ifahamike ni makazi gani yanayozungumzwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na huweka matunzo yake kwanza mikononi mwa familia na jamii. Makazi huja mwisho. Makazi ya Serikali, kama vile Nunge ya Kigamboni, Njoro ya Moshi, Kolandoto ya Shinyanga na Fungafunga ya Morogoro, ni kwa ajili ya wazee wasiojiweza wasio na ndugu wa kuwatunza, na njia ya kuyafikia hupitia serikali ya kijiji au mtaa na afisa ustawi wa jamii. Mzee mwenye watoto watatu wenye mishahara asitarajiwe kupewa nafasi ya asiye na mtu. Yapo pia makao yanayoendeshwa na mashirika ya dini. Katika nchi nyingine umeenea utaratibu wa tatu: mzee mwenye nguvu zake hulipia nyumba yake ndogo ndani ya eneo la wazee wenzake, hupika na kufunga mlango wake mwenyewe, na huduma humfuata anapoihitaji. Kwetu utaratibu huo bado ni haba, lakini kipimo chake chafaa popote: baada ya kuhamia hapo, ni mambo mangapi mzee ataendelea kuyaamua mwenyewe?

Kipimo hiki si anasa. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika nyumba ya wazee ya jimbo la Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mpangilio wa chumba, matumizi ya muda na siku ya kutazama filamu ni uamuzi wao, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea pia, ila wauguzi ndio waliounywesha, na waliambiwa kwamba wahudumu wapo kuwafurahisha. Baada ya wiki tatu, wale wa kwanza walionekana wachangamfu zaidi na wenye kushiriki zaidi katika mambo ya pale. Kwa mzee wa huku, mahali pa mmea wa chungu pawekwe kuku watatu na tuta la mchicha; maana haibadiliki.

Anayekwenda kuyakagua makazi asiende siku ya wageni na misaada, ambapo sakafu imepigwa deki na wazee wamevishwa nguo mpya. Aende siku ya kawaida, kisha arudi jioni giza linapoingia, kwani maovu mengi ya mahali huonekana saa hiyo. Aanze na choo. Kiko hatua ngapi kutoka kitandani? Njia ina taa? Ukutani kuna kishikio cha kumwezesha mtu mwenye magoti mabovu kuinuka? Maji yamo ndani, au mzee huyabeba kwa ndoo? Choo kilichoezekwa vizuri lakini chenye ngazi tatu mlangoni hakijajengwa kwa ajili ya mzee.

Kisha autazame mlango wa chumba. Kama komeo liko nje peke yake, aulize sababu, na asiridhike upesi. Aulize jikoni kama mzee aliyezoea uji wa saa kumi na mbili huweza kuupata saa hiyo, au wote hula saa moja kwa sababu ndivyo mpishi alivyozoea. Aulize mzee akifiwa na ndugu kijijini huruhusiwa na nani kwenda msibani, na akirudi hukuta kitanda chake kingalipo. Swali hili la msiba hufichua mengi kuliko orodha ndefu ya huduma iliyobandikwa ofisini. Usiku ni wahudumu wangapi wanaobaki? Zahanati iko umbali gani, na mgonjwa wa saa nane za usiku hupelekwa kwa chombo gani?

Majibu ya msimamizi yasikilizwe kwa heshima, lakini wazee wenyewe waulizwe mbali naye, chini ya mti, bila haraka. Mzee hasemi ukweli wote kwa mgeni wa dakika kumi. Huusema baada ya habari za mvua na za wajukuu.

Panapolipiwa, mkataba uandikwe na kusomwa kwa sauti mbele ya mzee: ada inajumuisha nini, dawa ni juu ya nani, nepi zikihitajika baadaye ni juu ya nani, na fedha iliyotangulizwa hurudishwa vipi akiondoka au akifariki.

Hesabu hiyo hiyo ifanyiwe nyumba anayoishi sasa. Ni jambo la ajabu kwamba familia huhesabu ada ya makazi ya mwaka mzima kabla ya kuhesabu gharama ya vishikio viwili vya bomba, taa ya sola kwenye njia ya choo, kizingiti kilichosawazishwa, na posho ya jirani mwaminifu wa kuja asubuhi na jioni. Penye mzee anayetembea na mwenye akili timamu, marekebisho hayo huenda yakatosha kwa miaka kadhaa. Penye mzee anayepotea njia ya nyumbani au asiyeweza kujigeuza kitandani, hayatoshi, na kumwacha peke yake kwa jina la heshima ni ukatili.

Ikiamuliwa ahame, aende kwanza kwa mwezi mmoja wa majaribio. Katika mwezi huo nyumba yake isiuzwe, isipangishwe, wala shamba lisigawanywe. Ziko familia zilizouza mapema, na mzee alipotaka kurudi hapakuwa na pa kurudi. Ufunguo akae nao yeye, si kifungua mimba. Mwezi ukiisha, kikao kikae tena, safari hii mzee akiwa kitini miongoni mwao na akiwa wa kwanza kusema. Familia isiyoelewana yaweza kumwomba afisa ustawi wa jamii wa kata ahudhurie, na ombi hilo hupelekwa kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa.