Kampuni ya maji ikikopa, ni nani amesema ndiyo?

Jamani, siasa zikichacha huku Kitui na Makueni, hukosi kusikia: "Kaunti imekopa!" Tulieni kidogo. Kaunti yenyewe ikitaka mkopo, Kifungu cha 212 cha Katiba kinadai mambo mawili: serikali ya kitaifa iudhamini, na bunge la kaunti liuidhinishe.

Kampuni ya maji, iwe ya Kitui au ya Wote, ni mali ya kaunti, lakini kisheria ni mtu kivyake. Ikikopa, inakopa kwa jina lake. Benki itauliza kwanza azimio la bodi: kikao kilikuwa lini, akidi ilitimia, ni pesa ngapi, dhamana ni nini, nani ametia sahihi. Mimi naomba nionyeshwe karatasi hiyo. Anayepiga kelele jukwaani bila kuitaja, huyo simsikilizi sana.

Maana deni hilo wakurugenzi hawalilipi kutoka mfukoni. Linalipwa na bili. Bei mpya ya maji huidhinishwa na WASREB, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Siku hiyo nendeni, halafu msiulize tu, "Mmekopa?" Ulizeni mkopo huo utaongeza shilingi ngapi kwa kila mtungi.