Diski Ikipotea Baada ya Kompyuta Kulala

Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya maendeleo, Mokowe, Lamu

Nawashukuru nyote mliofika, hasa nyinyi mliovuka maji alfajiri kutoka Faza, Siyu na Matondoni. Najua boti haimsubiri mtu, kwa hivyo sitawachosha.

Wahenga walisema: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Leo tuna aliyelala ambaye lazima tumwamshe, naye ni kompyuta. Wengi wenu mmeniletea lalamiko moja: "Dada, niliacha kompyuta nikaenda kula, niliporudi diski haipo. Hesabu za kikundi zimekwenda wapi?"

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa naandika orodha ya watoto wanaoombewa msaada wa karo. Kazi yote ilikuwa ndani ya diski ya nje, ile inayochomekwa kwa waya, na siku ya mwisho ya kupeleka majina ilikuwa Ijumaa. Jumatano adhuhuri nikatoka kumsikiliza mama mmoja aliyekuja na shida yake. Tulikaa kama saa nzima. Niliporudi kompyuta imelala. Nikaiamsha, diski haionekani. Nikachomoa, nikachomeka. Ukatokea ujumbe wa Kiingereza kwamba diski hii haiwezi kutumika mpaka ifanyiwe "Format". Kwa haraka yangu nikakubali.

Ndugu zangu, neno hilo maana yake ni kuipangusa diski ianze upya, kama ubao wa shule. Orodha ikafutika. Alhamisi nzima tulirudia fomu za karatasi, jina kwa jina. Fomu za watoto sita hazikuwapo, maana tulizitupa tukidhani kompyuta yatosha. Nikapanda boti kuzitafuta familia zao. Wanne niliwapata. Wawili hawakupata msaada muhula ule.

Baadaye fundi mmoja akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Diski yako haikuwa imekufa. Ilikuwa haijaamka sawasawa."

Sasa, kulala ni nini? Kompyuta ikilala haijazimika. Inabakisha umeme kidogo wa kushika kumbukumbu ya kazi uliyoifungua, na vyombo vingine inavipunguzia au kuvikatia kabisa. Utaratibu huu uliwekwa mwaka 1996 na makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba, na mwaka huo huo ndipo ulipotolewa mlango wa USB tunaochomekea diski. Shida huja kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kubana umeme. Kompyuta hukatia milango yake umeme ili kuokoa betri. Ikiamka yapasa kuurudisha na kuiita diski kwa jina. Mara nyingine diski huchelewa kuitika, na kompyuta huendelea kana kwamba haipo.

Ya pili ni umeme mdogo. Mlango wa USB 2 hutoa miliampea 500, wa USB 3 hutoa 900. Diski yenye sahani inayozunguka hutaka nguvu nyingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Nyinyi wa mashua mwalijua hili: kuisukuma kutoka mchangani kwahitaji watu wengi, ikishaelea mtu mmoja atosha. Waya ukiwa mrefu, mwembamba au umechakaa, nguvu hupungua njiani.

Ya tatu ni kutu. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Meno ya waya yakishika kutu, umeme hupita kwa kusitasita, na diski huonekana na kupotea.

Basi ikikutokea, fuata hatua hizi, polepole.

1. Usifunge kazi iliyo wazi. Kama daftari la hesabu bado laonekana kwenye kioo, lihifadhi upya ndani ya kompyuta yenyewe, si kwenye diski. Mara nyingi kazi ya asubuhi yote huokoka hapo.

2. Ngoja dakika moja, usikilize. Diski ikinguruma polepole, inaamka. Ikigonga tak, tak, tak, iondoe, usiijaribu tena, ipeleke kwa fundi anayejua kuokoa kumbukumbu. Kila ukiiwasha unaweza kuiumiza zaidi.

3. Chomoa, futa meno ya waya kwa kitambaa kikavu, kisha chomeka mlango mwingine ulio kwenye mwili wa kompyuta wenyewe, si kwenye kigawanyo cha milango. Jaribu waya mwingine, ulio mfupi.

4. Ikiwa bado, iambie kompyuta "Restart". Usitosheke na kuizima na kuiwasha. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa huhifadhi sehemu ya hali ya mwanzo ili ziwake haraka, na kosa laweza kurudi nalo. "Restart" huanza upya kweli.

5. Fungua sehemu iitwayo Disk Management. Ukiiona diski yako humo lakini haina herufi, haikupotea, imekosa jina tu. Ipe herufi isiyotumiwa na nyingine, nayo itarudi mahali pake.

6. Kompyuta ikikuuliza kama ufanye "Format" au "Initialize", jibu ni hapana. Hata ikiuliza mara kumi. Ijaribu kwanza kwenye kompyuta ya jirani.

Hayo ni ya kutibu. Kinga ni bora, nayo ni rahisi. Ukiinuka kwenda kula au kuswali, hifadhi kazi, iambie kompyuta iitoe diski salama, kisha ichomoe. Ukikuta kompyuta imeshalala na diski i ndani, usiichomoe hapo hapo. Iamshe kwanza, itoe salama, ndipo uchomoe, maana huenda kuna maandishi hayajamaliza kuingia.

Kama shida yajirudia, ingia Device Manager, tafuta orodha ya USB, na kila palipoandikwa "USB Root Hub" fungua sehemu ya umeme. Utakuta alama inayoiruhusu kompyuta kukata umeme wa mlango ule. Iondoe. Kwenye kompyuta nyingine sehemu hiyo haionekani. Hapo shika ile kinga ya kwanza, au weka muda mrefu zaidi kabla ya kompyuta kulala. Wale wa sola msisahau kwamba kompyuta isiyolala hula betri. Kwenu afadhali kuchomoa diski kuliko kukesha na kompyuta.

Jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Diski moja si hifadhi. Hata ukifuata hatua zote, iko siku itakufa kweli, au itaanguka baharini pale kwenye ngazi za gatini. Tuna mfano mzuri hapa hapa Lamu. Miswada ya zamani ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kompyuta kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Miswada yenyewe ilibaki Lamu, na nakala za picha zikahifadhiwa pia London. Moto, mchwa au maji vikiingia upande mmoja, upande wa pili unabaki na picha zake.

Sisi hatuna haja ya London. Katibu awe na nakala moja, mweka hazina awe na ya pili kwenye flashi, nyumba nyingine na ikiwezekana kijiji kingine. Na kila mwisho wa mwezi, chapisheni ukurasa mmoja wa akiba na mikopo, watu watatu watie sahihi, uwekwe kwenye faili. Karatasi hailali, wala haingoji stima. Msizitupe fomu kama nilivyofanya mimi.

Mama anayeweka akiba ya samaki au makuti wiki kwa wiki hajui diski ni nini, wala hana lazima ya kujua. Yeye ameliamini jina lake mikononi mwako. Siku atakapokuja kuomba mkopo wa kumpeleka mtoto hospitali, huwezi kumwambia jina lake limelala.

Kabla ya kuondoka, nawapa kazi ndogo. Ukifika nyumbani leo, kabla hujavua viatu, toa nakala ya pili ya daftari la kikundi chako. Tukikutana tena nitauliza kila mmoja: iko wapi, na kwa nani?

Mwenye swali na aulize, boti bado haijapiga honi.