Mkoromo wa Jumamosi: Kuzuia Vifo vya Kuzidisha Unga kwa Wanaotoka Gerezani



Kijana mmoja alitoka mahabusu Ijumaa alasiri baada ya miezi saba. Mama yake alipika pilau. Majirani walikuja kumtazama, wakasema kanenepa, ngozi imerudi, unga umemtoka. Jumamosi usiku alitoka kidogo na wenzake wa maskani, akarudi, akajilaza kwenye kochi la sebuleni. Mama akamsikia anakoroma, mkoromo mzito kama wa mtu mwenye maji kooni. Akamfunika shuka. "Nilijua mwanangu kapata usingizi wa nyumbani," aliniambia baadaye. Alfajiri alipokwenda kumwamsha akaswali, alimkuta wa baridi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu sioni mzembe ndani yake. Hakimu alitoa dhamana, askari akafungua geti, mama akapika. Kila mtu alifanya lake.

Kilichomuua ni kipimo chake cha zamani. Anayetumia heroini kila siku, mwili wake hujenga usugu: kete iliyomlewesha mwaka jana leo inamtulizia tu arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, basi anaongeza. Akikaa wiki chache bila kutumia, usugu ule unaondoka. Kumbukumbu ya kipimo haiondoki. Anarudi kwa muuzaji yuleyule, anapima kwa jicho lilelile, na sehemu ya ubongo inayosukuma pumzi inapokea mzigo ambao haiuwezi tena. Akiwa amekunywa pombe au kumeza vidonge vya usingizi, hali inakuwa mbaya zaidi. Pumzi hupungua polepole, pengine kwa saa nzima au zaidi. Muda huo ndio tunaoweza kuutumia kumwokoa, nasi huutumia kumfunika shuka.

Neno linalonitia hofu kuliko yote katika kazi hii ni "amepona". Sote tumeona arosto ya gerezani: mtu amejikunja sakafuni, anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, vipele vya baridi vimemtoka na nje kuna jua la Januari. Siku kadhaa zikipita anaamka, anakula ugali na maharage, anaanza kujaa mashavu. Tunamwandika kuwa ameacha. Ukweli ni kwamba amekosa, na kukosa si kuacha. Siku anapotoka yuko karibu zaidi na kifo kuliko siku aliyoingia, na mashavu yale yanatuficha jambo hilo.

Hesabu za jambo hili zipo. Mwaka 2007, Ingrid Binswanger na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia zaidi ya watu 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Watakuwepo watakaosema hiyo ni Marekani. Mapafu ni yaleyale.

Dawa nayo ipo. Rhode Island, jimbo dogo la hukohuko, lilianza mwaka 2016 kutoa methadoni na dawa nyingine za uraibu ndani ya magereza yake, kisha kumkabidhi mtu kwenye kliniki ya mtaani anapotoka. Katika nusu ya kwanza ya 2016, watu 26 waliokuwa wametoka gerezani karibuni walikufa kwa kuzidisha dawa. Nusu ya kwanza ya 2017 walikuwa 9. Sisi si wageni wa methadoni: hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kuitoa Februari 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014, na leo pale Mombasa dozi inanywewa ndani ya Gereza la Shimo la Tewa. Kinachotushinda ni makabidhiano.

Mfungwa aliyehukumiwa ana tarehe ya kutoka. Unaweza kumwandaa, ukampigia mratibu wa kliniki wiki moja kabla. Mahabusu hana tarehe. Anakwenda mahakamani asubuhi kwa karandinga, mdhamini anajitokeza, jioni yuko huru akiwa na mfuko wa nguo. Kwa hiyo ushauri wa "kabla ya kutoka" kwake hauna maana. Inabidi apewe siku za kwanza anapoingia, arosto ikitulia kidogo: usugu wako utaondoka, ukitoka usipime kwa jicho la zamani, usitumie peke yako, na kliniki iko mahali fulani. Wapo wakuu wanaoona kwamba kumwambia hivyo ni kumfundisha kutumia. Nimewasikia, na sikubaliani nao. Mtu huyu hakungoja semina yetu ili ajifunze unga.

Kwa wauguzi nina neno moja. Aliyekuwa mteja wa methadoni akakaa ndani bila dozi, akirudi kliniki asipewe kipimo kile kilichoandikwa kwenye faili. Anaanzishwa upya kwa dozi ndogo. Methadoni nayo huua kwa njia ileile.

Nirudi sebuleni kwa yule mama. Angeelezwa mapema, angejua kwamba mkoromo wa namna ile si usingizi. Angemwita kwa jina, angemsugua katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi, angeangalia midomo na kucha kama zimepauka au kuingia bluu, na mboni kama zimekuwa ncha ya pini. Maskani wana tiba zao: ndoo ya maji, makofi, maziwa, hata sindano ya maji ya chumvi. Zote zinakula muda. Mgonjwa anahitaji pumzi, mdomo kwa mdomo, na gari la kumfikisha hospitali. Akianza kupumua mwenyewe, alazwe ubavu. Anahitaji pia nalokisoni, inayoing'oa heroini kwenye ubongo kwa dakika chache. Nguvu yake hudumu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, kwa hiyo aliyezinduka asiachwe peke yake. Uskoti tangu 2011 wanampa mtu dawa hiyo mkononi anapotoka gerezani. Kabla ya chai, naomba kila mwenye zahanati ya gereza atuambie ana ampuli ngapi kabatini leo.

Halafu kuna Ijumaa. Uingereza walipitisha sheria mwaka 2023 inayoruhusu mfungwa aliyepaswa kutoka Ijumaa atolewe siku moja au mbili kabla, maana wikendi ofisi zimefungwa. Sisi hatuhitaji kungoja Bunge. Hati ya dhamana inapofika getini Ijumaa saa kumi jioni, askari wa zamu awe na namba ya simu ya mwelimishaji rika mmoja ambaye atakuja kumpokea yule kijana, wafike wote wawili nyumbani, na waongee na mama kabla sahani ya pilau haijapakuliwa. Karatasi ya kuandikia namba hizo nimeiweka mezani, karibu na mlango.