Gari Lililotumika na Kasoro ya Kiwandani: Maelezo kwa Wenye Magari, Makole, Dodoma

Yafuatayo ni maelezo yaliyotayarishwa kusomwa mbele ya wenye magari wa Makole, wakiwemo watumishi wa Serikali waliotoka Unguja na Pemba.



Mkazi wa Makole mwenye kipato cha kati anapotafuta gari la kupita barabara ya lami na pia njia ya mchanga na makorongo iendayo shambani, mara nyingi macho yake hutua kwenye Toyota RAV4 au nduguye Vanguard. Ni magari madogo yaliyoinuka, vipuri vyake vinapatikana, na mafundi wameyazoea. Mengi hufika yakiwa yamekwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa. Sifa hizo ni za kweli. Hata hivyo lipo jambo ambalo muuzaji halitaji na mnunuzi haliulizi, nalo ni iwapo gari hilo liliwahi kuitwa na kiwanda, na kama liliitwa, iwapo lilipelekwa.

Kampuni inapogundua kwamba sehemu fulani ya gari iliundwa au ilifungwa vibaya, hutangaza magari yenye kasoro hiyo, huwaandikia barua wenye magari, na hufanya matengenezo bila malipo. Barua hiyo humfuata mtu aliyeandikishwa kuwa mwenye gari katika nchi ile. Gari likishauzwa mnadani, likapakiwa melini na kushushwa Dar es Salaam, barua haina tena pa kwenda, lakini kasoro imo ndani ya gari vilevile.

Mwezi Februari 2016, Toyota iliita magari yapatayo milioni 2.87 duniani. Mengi yalikuwa RAV4 zilizoundwa kuanzia 2005 hadi 2014, na pamoja nazo Vanguard zilizouzwa Japani. Ilibainika kwamba katika mgongano mkali wa mbele, mkanda wa kiti cha nyuma uliweza kugusa fremu ya chuma ya kikalio na kukatwa nayo. Dawa yake ilikuwa ndogo mno: kifuniko cha plastiki ngumu juu ya chuma hicho. Kasoro ya namna hii haina mlio wala haiwashi taa mbele ya dereva. Gari hukimbia vizuri kutoka Dodoma hadi Morogoro na kurudi. Na wanaokaa kiti cha nyuma, kama kila mmoja ajuavyo, ni akina mama na watoto waendao shule.

Kasoro ya pili inawahusu mafundi zaidi. Mwaka 2012, nchini Marekani, ziliitwa RAV4 za 2006 hadi 2011 kwa sababu ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Iwapo nati za mkono huo hazikukazwa sawasawa baada ya kupima mwelekeo wa magurudumu, yaani alaimenti, nafasi hulegea, kutu huingia, na mkono huweza kuachana. Mwaka 2013 magari hayo yaliitwa tena, kwa kuwa baadhi ya matengenezo ya kwanza hayakufanywa inavyotakiwa. Ikiwa hilo lilitokea katika gereji za wakala, fundi wa chini ya mwarobaini hana sababu ya kuona haya kurudia nati ileile kwa spana ya kupimia.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na haikuwa ya kampuni moja ya magari. Ni ule mfuko wa hewa unaofumuka kutoka kwenye usukani, ambao mafundi huuita eabegi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza makopo ya kuufumua yenye baruti ya amonium naitreti, na mengi hayakutiwa kikaushio. Baruti hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu huharibika. Siku ya ajali huwaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo likapasuka na vipande vya chuma vikamrukia yule aliyepaswa kulindwa. Makopo yapatayo milioni 100 yaliitwa duniani, na Takata ikaomba kufilisiwa mwezi Juni 2017. Kuanzia Mei 2018, Japani ilikataa kuyapitisha kwenye ukaguzi magari yenye makopo ya hatari zaidi yasiyobadilishwa.

Mtu wa Makole ataweza kusema kwamba Dodoma ni kukavu. Ni kweli. Lakini magari mengi yalipanda nyanda hizi pamoja na wenyewe, Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia 2016, baada ya kulala miaka katika hewa ya bahari ya Dar es Salaam. Yaliyoko Unguja na Pemba yangali katika hewa hiyo. Ukavu wa Dodoma hauiponyi baruti iliyokwisha kuharibika.

Njia ya kujua ipo katika namba ya chesisi, iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi, kwa mfano inayoanza na ACA33 kwa Vanguard. Kurasa za Marekani hudai namba ya tarakimu na herufi 17, kwa hiyo huikataa. Kukataliwa huko si dalili ya usalama. Toyota ya Japani ina ukurasa wa kutafutia kwa namba hiyo fupi. Umeandikwa Kijapani, jambo ambalo kijana mwenye simu hulitatua kwa dakika chache. Asiyeweza aipeleke namba kwa wakala rasmi wa kampuni. Hati ya ukaguzi wa gari huonyesha hali yake siku lilipotazamwa. Haithibitishi kwamba kasoro ya kiwandani iliondolewa.

Kuhusu wauzaji, fiqhi ya biashara inajulikana na wengi: mwenye kuficha aibu ya bidhaa amekosa, na mnunuzi ana hiari ya kuirudisha. Kwa upande wa sheria za nchi, Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji, na malalamiko hupokewa na Tume ya Ushindani.

Mwenye gari lililoitwa asiufungue mfuko wa hewa mwenyewe, wala asikubali kufungiwa usukani wa mtumba uliotolewa kwenye gari jingine kabla namba ya chesisi ya gari lile haijatazamwa nayo.