Ushindi wa Pune: wachezaji wa ridhaa walipowaangusha vigogo wa kriketi

Leo tunauzungumzia ushindi mmoja wa kriketi ambao Mkenya apendaye mchezo huo hautaji ila kwa fahari iliyochanganyika na majonzi. Ni ushindi wa Kenya dhidi ya West Indies katika Kombe la Dunia, mjini Pune nchini India, tarehe 29 Februari mwaka 1996.

West Indies walikuwa wamelitwaa kombe hilo mara mbili, mwaka 1975 na mwaka 1979. Katika kikosi chao alikuwamo Brian Lara, ambaye mwaka 1994 aliweka rekodi ya dunia kwa kupata mikimbio 375 katika zamu moja ya kupiga dhidi ya England. Warushaji wao, Curtly Ambrose na Courtney Walsh, waliogopwa kila walikokwenda.

Kenya je? Mwaka 1975 Wakenya walishiriki ndani ya timu ya pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoshindwa mechi zake zote tatu. Sasa walikuja kwa mara ya kwanza kwa jina la nchi yao. Wengi wao walikuwa wachezaji wa ridhaa: watu wenye ajira zao siku za kazi, ambao kriketi yao ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili katika klabu za Nairobi kama vile Aga Khan, Swamibapa na Nairobi Gymkhana.

West Indies walishinda kura ya sarafu, wakawaachia Kenya waanze kupiga. Kenya walitolewa wote kwa mikimbio 166, na hakuna hata mpigaji mmoja aliyefikisha 30. Steve Tikolo alipata 29, Hitesh Modi 26, na Thomas Odoyo, kijana wa miaka 17, akapata 24. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini fungu kubwa kuliko yote lilikuwa mikimbio 37 ya ziada, ambayo haikutoka katika gongo la mpigaji yeyote. Sehemu kubwa ya mikimbio hiyo ilikuwa zawadi ya vigogo wenyewe, kwa mipira iliyorushwa mbali na mpigaji au kinyume cha kanuni.

Kisha ikafika zamu ya Kenya kurusha. Rajab Ali alimwangusha nahodha Richie Richardson, na baadaye Lara akagusa mpira uliodakwa na mlinda wiketi Tariq Iqbal. Lara aliondoka na mikimbio minane tu. Nahodha Maurice Odumbe alirusha ova zake 10 kwa mikimbio 15, akawatoa watu watatu. West Indies wote walitolewa kwa 93. Kenya walishinda kwa tofauti ya mikimbio 73.

Huo haukuwa ushindi wa bahati. Timu inayobahatisha hushinda kwa mkimbio mmoja au miwili, mioyo ikidunda. Wala West Indies hawakuwa wabovu mwaka huo, kwani baada ya hapo walifika nusu fainali. Warushaji wa Kenya walifanya lile ambalo mchezaji wa klabu hulijifunza kila mwisho wa juma: kurusha mpira pale pale, kwa subira, hadi mpinzani akosee mwenyewe.

Kenya waliendelea kupanda hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Baadaye ikaja migogoro ya malipo kati ya wachezaji na viongozi, na mwaka 2014 nchi ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Hapo ndipo penye funzo. Sifa za Pune zilikwenda kwa timu ya taifa, lakini shule iliyowalea mashujaa wale ilikuwa viwanja vya klabu, mbele ya watazamaji wachache. Mti hauzai matunda mizizi yake ikiachwa ikauke. Nchi inayotaka Pune nyingine haina budi kuanzia huko, kwa kumtunza kijana wa miaka 17 anayesubiri zamu yake ya kupiga alasiri ya Jumamosi.