KUTA ZA MATOFALI KATIKA NYUMBA ZA ZAMANI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nakuru)



Mimi si mwashi. Kazi yangu ni njia ya reli. Lakini nimefundishwa na kosa langu mwenyewe, na ndilo nitakalowaambieni.

Nyumba ninayokaa ni ya zamani, matofali yake yameshikwa kwa chokaa. Viungo vilipoanza kupukutika nilinunua mfuko wa saruji nikaviziba vyote. Majirani wakanisifu. Masika mawili hayakupita, nyuso za matofali zikabanduka kama maganda, na ukuta wa upande wa kitanda cha watoto ukawa umelowa. Tofali la zamani ni laini, hunywa mvua, na maji hutoka tena kwa njia ya chokaa. Saruji ni ngumu, hufunga njia hiyo. Maji hubaki ndani, na chumvi yake hulimega tofali.

Basi, ndugu zangu, kwanza tazameni juu, mfereji wa paa usiwe umetoboka; kisha chini, udongo usirundikwe ukutani. Mkiacha hayo, kazi ya mwiko ni bure. Halafu kwangueni kiungo kibovu kwa patasi nyembamba, kina cha inchi moja, bila kuvunja kingo za tofali. Ondoeni vumbi, nyunyizeni maji. Chokaa kipimo kimoja, mchanga safi vipimo vitatu, maji kidogo, mshindilie sana. Angalieni macho, maana chokaa huchoma. Funikeni kwa magunia ya maji siku kadhaa. Jua la hapa likiikausha upesi huwa unga tu. Chokaa haitoki mbali: Koru, kwenye njia ya Kisumu, huchomwa.

Ufa ni habari nyingine. Sisi tunakaa katika Bonde la Ufa, na tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilipiga Subukia, karibu nasi. Bandikeni kipande cha lipu juu ya ufa, mwandike tarehe. Kikipasuka, ukuta unakwenda. Usiuzibe! Hamisha watoto chumba hicho, ulete habari kwa kamati.

Bwana Mwenyekiti, naomba kamati iandike barua tupewe mwashi ajuaye chokaa, si mpaka rangi. Na kila mwenye ufa wa namna hiyo aniletee namba ya nyumba yake leo, kabla hatujatawanyika. Karatasi ninayo hapa.