Wanawake Wenu Wako Wapi?
Maneno juu ya Bibi Titi Mohamed, yaliyosemwa mbele ya wazee na walimu



Leo twataka kusema nanyi habari ya swali moja fupi. Swali hilo liliulizwa Dar es Salaam mwaka 1955, na walioulizwa, ingawa walikuwa watu wenye akili na maarifa, walikosa jibu la kumwonyesha mgeni kwa macho. Tumeona yafaa kulileta hapa, maana katika mabaraza mengi lingali likingoja jibu.

Twaijua desturi yetu. Baraza ni la wanaume. Mwanamke hukaa uani, naye akiwa na neno humwambia mumewe usiku. Kukicha, mume hulisema barazani kana kwamba ni lake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na wengi wetu hatukuona kasoro yo yote.

Basi sikilizeni. Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai, 1954. Mwaka uliofuata alifika mgeni, Bwana John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akataka kujua kama chama kina upande wa wanawake. Akajibiwa kuwa upo. Lakini upande huo ulikuwa katika maneno tu, wala mikutanoni wanawake hawakuonekana. Ikawa hapana budi atafutwe mwanamke, ndipo alipofuatwa Bibi Titi Mohamed.

Alikuwa nani? Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakupenda asome shule. Mama yake ndiye aliyempeleka, baada ya baba kufariki. Alisoma miaka michache tu. Alipobaleghe aliwekwa ndani kama ilivyokuwa ada, akaozwa angali mdogo. Hakuwa karani wala mwalimu. Watu walimjua kwa sauti yake, kwa kuwa aliimba katika maulidi, na katika chama cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Mwanamke huyu, ambaye hakuwa amezoea kuhutubia mikutano ya siasa, alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama. Katika muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga. Sasa twauliza: aliwezaje?

Jibu ni hili, nalo ndilo tunalotaka mrudi nalo nyumbani. Bibi Titi hakwenda nyumba kwa nyumba akianza upya. Aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma vya wanawake. Sisi wanaume tulizoea kuviita vyama hivyo mchezo na upuuzi. Tuliona nguo za sare, tukasikia makelele, tukapita zetu. Hatukuona kwamba mle ndani mlikuwa na mkubwa wa chama, na mtunza fedha, na mchango uliokusanywa bila kupotea. Na kwamba mmoja akifiwa au akioza binti wenzake walifika upesi. Ile ilikuwa shule ya uongozi katikati ya mji wetu, nasi hatukuijua. Viongozi wale waliposema “Twendeni,” wanawake walikwenda.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Serikali ya wakati ule ilikuwa imewakataza watumishi wake kuingia katika siasa, na mwanamume mwenye mshahara aliogopa kuupoteza. Mama wa nyumbani na muuza vitumbua hakuwa na mshahara wa serikali wa kuogopea. Kwa hiyo yule tuliyemdhani dhaifu ndiye aliyekuwa huru kusimama. Bibi Titi akasafiri wilaya nyingi akihutubia wanaume kwa wanawake, hata Tanganyika ikapata uhuru wake tarehe 9 Desemba, 1961.

Wako watakaosema, “Mwanamke akisimama mbele ya watu, heshima ya nyumba imevunjika.” Hatuwadharau wasemao hivyo. Lakini twawauliza: yule aliyeimba maulidi na kujitanda kanga yake, heshima gani aliivunja? Alibadili mahali pa kusimama. Adabu yake hakuitupa.

Wala hatuwafichi kwamba njia hiyo ilikuwa na miiba. Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, jambo ambalo alilikana. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Watu walichelewa kukumbuka, lakini walikumbuka.

Basi faida ya habari hii kwetu ni nini? Wazee, mtakapokaa kuamua habari ya kisima, tazameni kama yupo hata mmoja miongoni mwenu achotaye maji kila siku. Kama hayupo, mnaamua jambo msilolijua vema. Walimu, mkichagua viongozi wa darasa, msimpe msichana ufagio na mvulana daftari la majina. Nanyi akina baba, mkisikia wake zenu wana chama chao cha kuchangiana, msikicheke kabla hamjauliza mfuko unatunzwaje. Pengine unatunzwa vizuri kuliko mfuko wa kijiji.

Hatusemi kila mwanamke aache nyumba yake akahutubie. Bibi Titi mwenyewe alikuwa mmoja, na wale 5,000 walikuwa na kazi zao mbalimbali. Twasema tu kwamba nguvu ile ilikuwapo siku zote, na wanaume hawakuitafuta mpaka alipokuja mgeni akauliza. Ni aibu kidogo mtu kuonyeshwa na mgeni mali iliyo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Tusingoje mgeni mwingine. Baraza lijalo, kabla ya neno la kwanza kusemwa, mmoja wetu na atazame kushoto na kulia, kisha aulize: Wanawake wetu wako wapi?